Robo ya Mkate

Tulipofika njia panda ya Kosjerić, Ognjen aliniomba nisimamishe gari. Alisema anataka sigara. Mimi na yeye tunalala kitanda kimoja mwaka wa pili sasa, na sijawahi kumwona akivuta hata moja.

Nikasimamisha. Hakwenda dukani. Alisimama kando ya barabara huku theluji ikimwangukia kichwani, akaikodolea macho njia nyembamba inayopanda mlimani katikati ya miti ya plamu. Nikawasha waipa ili nimwone vizuri. Aliporudi ndani macho yake yalikuwa mekundu na meno yanagongana kwa baridi. Akasema duka limefungwa. Duka lilikuwa wazi, na mwenye duka nilimwona mlangoni anafagia theluji.

"Kuna mtu unamjua huko juu?" nikamuuliza.

"Endesha, Relja. Tutachelewa mkate."

Akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akachukua sweta la kwanza alilolikuta, akalivaa. Mimi nikaendesha, lakini moyo ulishaingiwa na mdudu. Nilianza kujenga kichwani picha ya mwanamume fulani anayekaa juu ya mlima ule, mwenye mikono mikubwa na macho ya kulegeza, na kila kona tuliyokata mwanamume huyo akazidi kupendeza. Wivu hauna adabu. Kabla hatujafika Požega nilikuwa nimeshamchukia mtu ambaye sikujua kama yupo.

Siku ile ilikuwa ya Mtakatifu Nikola, na Nikola ndiye mtakatifu wa ukoo wetu. Mtoto wa kiume humrithi kwa baba yake kama anavyorithi jina. Siku yake ikifika, mlango wa nyumba huachwa wazi. Haalikwi mtu. Anayejua huja, na aliyekuja hafukuzwi. Mwaka uliotangulia Ognjen alibaki Belgrade peke yake, akaniambia hajali, kwao hawana mtakatifu, babu yake aliachana na mambo hayo zamani. Mwaka huu aling'ang'ania. "Si mnasema haalikwi mtu? Basi nimejileta," akasema, na macho yake yalikuwa na njaa ambayo sikuielewa.

Tulikubaliana maneno njiani. Yeye ni rafiki ninayepanga naye nyumba, fundi wa lifti, hana pa kwenda siku hiyo, basi. Hakuna kuitana majina ya chumbani, hakuna kutazamana kwa muda mrefu. Alikubali haraka mno, na hilo nalo likanitia shaka.

Mama alitupokea mlangoni na bakuli la ngano tamu iliyochemshwa. Nilichota kijiko, nikafanya ishara ya msalaba, nikambusu mashavu. Jina lake Radojka, ni mwanamke mdogo wa umbo, na macho yake hayaachi kitu kipite. Ognjen naye akachota kijiko chake. Mama hakumtazama usoni. Alitazama sweta.

Ndipo na mimi nikaliona. Lilikuwa la sufi ya kijivu, lenye mstari mwekundu mkononi. Mama mwenyewe alinifumia majira yote ya baridi nilipokuwa namaliza masomo ya ufamasia.

"Sweta limekukaa vizuri, mwanangu," akamwambia Ognjen. "Utadhani nilikupima wewe."

Ognjen akashukuru kwa sauti ya chini. Mimi nikashughulika na viatu vyangu kuliko viatu vinavyohitaji. Mama alikuwa na sababu yake. Msimu wa kuvuna pilipili alikuja Belgrade bila taarifa, na mitungi ya pilipili za kusaga kwenye kapu, akafungua chumba tunachokiita cha Ognjen. Kitanda kilijaa magurudumu ya baiskeli na vifaa vya kazi. Akauliza kijana huyu hulala wapi. Nikamwambia kwenye kochi, mgongo unamsumbua. Akatikisa kichwa, akapanga mitungi yake kabatini, hakuuliza tena. Tangu hapo amekuwa akinipigia simu kisha hasemi kitu, ananiuliza tu kama nimekula.

Ndani kulikuwa na moto, harufu ya samaki wa kuoka na maharage, na majirani wamejaa mezani. Baba alikuwa amesimama. Siku hiyo mwenye nyumba hakai, huhudumia wageni wake kuanzia asubuhi mpaka wa mwisho aondoke, na baba yangu Tihomir hajawahi kukaa siku ya Nikola tangu nipate akili. Hata mwaka aliovunjika mguu shambani kwenye rasiberi, alisimama kwa magongo na chupa ya rakia, pombe kali ya plamu, kwapani.

Kwenye kona, chini ya picha ya mtakatifu, alikaa shangazi Desanka, dada mkubwa wa baba. Shangazi huyu humshuku kila mtu, padri akiwemo. Akamkagua Ognjen kuanzia nywele mpaka soksi, akamwinamia jirani wa kulia na kumnong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba vijana wa namna hii, wapole, wasafi, wasio na mke, mara nyingi huwa wametumwa na dhehebu.

Ulipofika wakati wa kuvunja mkate wa mtakatifu tukapungukiwa mtu. Binamu yangu ambaye hushika pamoja nasi alikwama kwenye theluji. Baba akatupa macho kuzunguka meza, yakatua kwa Ognjen.

"Wewe kijana. Una mikono?"

"Ninayo, mzee."

"Njoo ushike."

Tukashika watatu. Baba alikwisha kuukata msalaba chini ya mkate na kuumiminia divai. Tukaanza kuuzungusha taratibu juu ya mshumaa huku tukiimba wimbo wa Nikola. Vidole vya Ognjen vilikuwa chini ya vyangu. Tuna mwaka na zaidi, na bado akinigusa mbele za watu damu inanikimbia. Nilimwibia jicho. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mkate, midomo yake inaimba, na aliujua wimbo neno kwa neno, hata ule mstari wa katikati ambao mimi huupitia kwa kuguna.

Kwa mtu ambaye kwao hawana mtakatifu, aliujua vizuri sana.

Baba aliliona hilo, akafurahi. Shangazi naye aliliona, hakufurahi. Mkate ulipovunjika tukabusu pale ulipovunjikia, na Ognjen akabaki ameinamisha kichwa kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

Wakati wa samaki shangazi akaanza kunichimba. Alitaka kujua naoa lini. Aliwakumbusha wote mezani, kana kwamba wamesahau, kuwa kijana akishakuwa na nyumba yake, baba humkatia robo ya mkate wa Nikola, akaenda nayo, na kuanzia hapo mtakatifu anakaa na kwake pia. Baba alipewa robo yake na babu akiwa mdogo kuliko mimi. Yangu kila mwaka inaishia kwa kuku.

"Lakini nina nyumba, shangazi," nikasema.

"Ile ya Belgrade? Ile si nyumba. Ile ni stendi, wanaume wawili wanasubiri basi."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao. Ognjen akatabasamu kwenye sahani yake, na mama, aliyekuwa amebeba chungu cha maharage, akakiweka mezani kwa kishindo.

Shangazi akamgeukia mgeni. Akamuuliza kazi, akamuuliza mshahara, akamuuliza kama amewahi kuchumbia. Ognjen alijibu kwa heshima na kwa ufupi. Kisha likaja lile swali ambalo kwetu mtu humuuliza mgeni kabla hata ya kumuuliza jina, ila siku ile lilichelewa kwa sababu ya maswali mengine.

"Na kwenu mnaadhimisha nani?"

Ognjen akautazama mshumaa. Nilijua jibu lake, nilishalisikia mara nyingi. Nikaendelea kutoa miba ya samaki.

"Nikola," akasema.

Kisu changu kikasimama.

"Nikola yupi?" shangazi akauliza. "Huyu wa leo?"

"Huyu wa leo."

Mtu ambaye hakukulia kwetu hawezi kuelewa kwa nini kila mtu mezani aliweka uma chini. Nusu ya nchi inaadhimisha Nikola, hilo si ajabu. Lakini anayemwadhimisha, siku hiyo yuko kwa baba yake. Hata mfungwa huomba ruhusa. Nilihisi uso unanichoma, na wala haikuwa kwa ajili ya watu. Alinidanganya. Mwaka mzima na zaidi, kichwa chake kwenye bega langu, ananiambia kwao hawana mtakatifu.

Baba akaweka chupa mezani. "Baba yako yu hai?"

"Yu hai, mzee."

"Anaumwa?"

"Mzima."

"Yuko mbali?"

"Juu ya Kosjerić. Pale njia panda, ukipanda mlima."

Yule mwanamume wangu wa mlimani, mwenye mikono mikubwa na macho ya kulegeza, akayeyuka papo hapo. Mahali pake nikamwona mzee nisiyemjua, amewasha mshumaa, na mwanawe amesimama chini barabarani kwenye theluji anadai anataka sigara.

"Basi umefukuzwa," shangazi akasema. Aliinuka kidogo kitini, amepata alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi. "Mtoto hafukuzwi kwenye mshumaa wa baba yake bure. Umefanya nini? Umeiba? Useme, umekaa kwenye mkate wa watu."

Ognjen akanitazama. Tulikubaliana tusitazamane, lakini alinitazama, na lilikuwa jicho la kuaga. Sijawahi kupendwa na macho kiasi kile, na sijawahi kuogopa kiasi kile.

"Nilimpiga," akasema. "Nilimpiga baba yangu, shangazi."

Jirani mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kwetu hakuna jambo baya zaidi ambalo mtu anaweza kukiri mezani. Baba akavuta pumzi, akaitazama mikono ya Ognjen, ile iliyokuwa pembeni ya sahani.

"Kwa mikono hiyo umeshika mkate wangu."

"Nisamehe, mzee. Naondoka."

Akasimama. Kiti kikalia sakafuni. Mimi nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Angetoka, angepanda basi la Belgrade, shangazi angekuwa na hadithi ya msimu mzima, na mimi ningebaki mtoto mzuri wa Tihomir, mfamasia ambaye hajaoa bado. Ognjen hawezi kumpiga hata nzi. Hufungua dirisha na kumwomba atoke. Sababu ya mlango wa baba yake kufungwa niliijua sasa bila kuambiwa.

Alishafika mlangoni, anavua sweta langu ili aliache.

"Hakumpiga," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. Nikarudia.

"Baba, hakumpiga. Anasema uongo ili mimi nisiaibike. Alimwambia baba yake kwamba anapenda wanaume, baba yake akamfungia mlango. Na mimi niko hivyo hivyo. Huyu si mtu ninayepanga naye nyumba. Tunaishi pamoja, kama wewe na mama mnavyoishi."

Mshumaa ukatoa mlio mdogo. Shangazi Desanka alichukua kitambaa chake mezani, akakikunja mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Afadhali angempiga," akasema, na akaenda kutafuta koti lake.

Baba akavuta kiti kilicho karibu. Akakaa.

Wageni wakakitazama kiti kile kuliko walivyonitazama mimi. Mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine akakumbuka theluji njiani. Walitoka wakiaga ukuta. Hakuna aliyetukana, nasema ukweli, lakini hakuna aliyenipa mkono, na hao ni watu walionibeba mgongoni nikiwa mdogo. Tukabaki wanne, na samaki nusu.

Baba hakunitazama. Alimwuliza Ognjen, aliyekuwa bado mlangoni na sweta mkononi:

"Ndugu unao?"

"Sina. Niko peke yangu."

"Sasa leo mkate anaugeuza na nani?"

Ognjen akalikunja sweta mkononi. "Sijui, mzee. Labda na mama yangu. Mama ana ugonjwa wa viungo, hawezi kushika vizuri." Akatazama nje, kwenye theluji. "Labda peke yake."

Baba akabaki ameukazia macho mkate wetu uliovunjika. Kisha akanyanyuka kwa shida, akatoka nje bila koti, akaelekea banda la masanduku ya rasiberi.

Mama akanikamata mkono, akanivuta jikoni. Nilidhani atanikumbatia, maana alikuwa anajua. Hakunikumbatia.

"Ungenyamaza leo tu," akasema. "Leo tu, Relja. Mimi nimenyamaza tangu pilipili."

"Angeondoka, mama. Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Na mimi nitabaki hapa. Wewe utakuwa Belgrade, mimi kesho nakwenda kununua chachu kwa watu hawa hawa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na mafuta ya samaki. "Anakupikia?"

"Anapika vibaya."

"Nilijua," akasema, kwa hasira. "Umekonda."

Nilimkuta Ognjen barazani, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, likatoka lile dogo na la kijinga kuliko yote.

"Ulinidanganya kuhusu Nikola."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ningekuambia, ungenihurumia. Nilitaka mtu mmoja asiyenihurumia." Alikuwa anaitazama miti ya plamu, si mimi. "Na leo nilitaka kuushika mkate tu, Relja. Hata wa watu. Nimekuharibia kwenu."

Nikamwambia kwetu nimepaharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikamwuliza kama kuna kingine alichonificha, maana mdudu yule bado alikuwa ndani, hakufa kwa siku moja. Akafikiri kweli kweli, kisha akasema anachukia pilipili za kusaga za mama, na amekuwa akizila kwa ajili yangu. Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nilimshika mkono pale barazani, mchana, jirani akipita na koleo lake la theluji. Mkono wangu ulitaka kukimbia. Niliushikilia pale pale.

Ndipo baba akatoka bandani. Alipita mbele yetu, akaitazama mikono ile, akaingia ndani. Tukasikia kabati, tukasikia kisu. Ognjen akajaribu kuuchomoa mkono wake, nikamkatalia. Sikujua kinachokuja. Nilijua tu kwamba baba akinifukuza sasa, nitasimama njia panda kila mwaka na kudai nataka sigara.

Alirudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilikijua kitambaa. Ni kile ambacho babu alimfungia baba robo yake.

Hakunipa. Alisimama nacho, akatukazia macho mmoja baada ya mwingine, kwa jicho analomkagulia mnunuzi wa rasiberi anayesema mizani yake ni ya haki.

"Sielewi," akasema. "Msinidanganye kwamba nitaelewa, na mimi sitawadanganya. Shangazi yenu hatakanyaga hapa, mama yenu analia, na mimi nimekaa kitini siku ya Nikola." Akakaza fundo la kitambaa. "Huko Belgrade, ukuta wenu wa mashariki ni upi?"

Picha ya mtakatifu hutundikwa mashariki. Nilijaribu kukumbuka jua linatokea wapi kwetu, nikashindwa.

"Wa jikoni, mzee," Ognjen akajibu. "Lakini pale kuna friji."

Baba akaniwekea robo ya mkate mkononi, kisha akauchukua mkono wa Ognjen na kuuweka chini ya wangu, kama tulivyoshika asubuhi.

"Friji hiyo iondoeni," akasema. "Nitakuja kuangalia."